Injini ya Baba Neema

Mwezi uliopita basi letu lilisimama Mkiwa ili abiria wanunue cha kutafuna, nami nikashuka kunyoosha miguu. Nyuma ya vibanda kulikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli, ya zile za zamani, na upepo ulikuwa unavuma kutoka upande huo. Harufu ilinifikia kabla ya mlio. Watu wa rika langu mnaijua: moshi wa dizeli uliochanganyika na unga wa moto, unga uliotoka sasa hivi kwenye kinu na bado unaunguza kiganja. Wengi inawakumbusha shibe. Mimi mate yalinijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Nikarudi kwenye kiti changu, nikafunga dirisha. Mama mmoja niliyekaa naye akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni njaa tu.

Tuliishi kijiji kimoja upande wa Sepuka. Baba yangu Mnyaturu, mama yangu Mnyiramba wa Ulemo, kwa hiyo ndani ya nyumba tulizungumza Kiswahili, na kila mmoja alirudi kwenye lugha ya kwao alipokuwa na hasira au alipokuwa peke yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la matofali ya kuchoma, limeezekwa kwa bati, mlango umefungwa kwa kufuli lililokwishashikwa na kutu. Tangu nipate akili sikuwahi kuliona likifunguliwa. Njia fupi ya kwenda kisimani ilipita kando yake, lakini Mama hakuipita. Alizunguka kwenye shamba la alizeti la jirani, kwenda na kurudi, hata akiwa na ndoo kichwani na jua limemkalia utosini. Siku moja nilimuuliza Bibi, mama yake Baba, mle ndani kuna nini. Akasema, "Kuna chuma." Akatema mate pembeni. Basi kwa muda mrefu nikaamini kwamba chuma ni kitu kinachouma, na kwamba kikifunguliwa kitatoka na kutuuma wote.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo niliamini. Kijiji kizima kilimwita mama yangu Mama Neema, na baba yangu Baba Neema. Mimi siitwi Neema, wala nyumbani hapakuwa na mtoto mwingine. Lakini kila Jumapili kanisani mchungaji alisema neema ya Bwana iwe nanyi, na Mama alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli, wa kubaki amepiga magoti wakati wenzake wameshatoka nje. Nikajua kwamba watu wamempa jina hilo kwa sababu hiyo. Nilijivunia. Nilimwambia rafiki yangu shuleni kwamba mama yake yeye ni mama wa mtoto tu, lakini wangu ni mama wa neema.

Halafu ukaja mwaka ambao mvua ilikatika mapema. Uwele ulisimama mashambani na masuke matupu, ukiyagusa yalimwaga vumbi. Ng'ombe wa Baba walikufa mmoja mmoja, na waliobaki mbavu zao unaweza kuzihesabu ukiwa mbali. Chakula cha msaada kilipoletwa, kikaja kikiwa mahindi makavu, na mashine iliyokuwa karibu nasi ilikuwa imeharibika. Wanawake waliondoka alfajiri na mizigo kichwani, wakarudi giza likiingia. Mmoja wao, mjamzito, alianguka njiani na mtoto hakuishi. Nadhani hilo ndilo lililomfanya Baba aamue.

Tulikuwa tunakula. Baba akanawa mikono, ingawa chakula kilikuwa hakijaisha.

"Mama Neema," alisema, "nataka kufungua banda."

Mama hakuinua kichwa. "Fungua. Nyumba ni yako."

"Nakuuliza."

"Hujaniuliza. Umeniambia."

Akakusanya vyombo, na changu pia, nikiwa bado nina tonge mkononi.

Fundi aliitwa Idrisa, mtu wa Singida mjini, mrefu, mwenye kofia ya mkono iliyofumwa vizuri na sanduku la vifaa zito kiasi kwamba alilisafirisha kwa lori na yeye mwenyewe akaja kwa baiskeli. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza jina la mwalimu wangu na kama anachapa. Alikuwa mcheshi. Hakujua chochote kuhusu sisi, na Baba hakumwambia.

Kufuli lilikatwa kwa msumeno wa chuma. Mlango ulipofunguka nilirudi nyuma, nikajificha nyuma ya miguu ya Baba. Hakuna kilichotoka isipokuwa panya. Ndani kulikuwa na vumbi laini lililofunika kila kitu, na katikati yake, imefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, injini nyeusi yenye gurudumu kubwa zito la chuma. Kando yake kinu, na kati yao mkanda mpana uliokauka na kupasuka kama ngozi iliyosahaulika juani. Nyigu walikuwa wamejenga matope kwenye bomba la moshi. Fundi Idrisa alifungua kizibo cha chini ili oili itoke, ikatoka polepole, nyeusi, nzito kama lami. Akalishika gurudumu kwa mikono yote miwili, akalisukuma kwa uzito wa mwili wake wote. Halikutikisika.

"Pistoni imeshika," alisema. "Lakini haijafa hii, Mzee. Imelala tu."

Alitoa noseli, ile inayopulizia dizeli ndani ya injini, akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa kwenye tundu lake. "Tunainywesha," akanieleza mimi, maana Baba alikuwa amesimama mlangoni kama mgeni. "Sasa tuiache inywe mpaka ilainike. Ukiilazimisha itavunjika."

Ilikunywa kwa siku nyingi. Nikitoka shule nilikimbilia bandani kuona kama imeshiba. Fundi alikuwa na kazi ya kutosha: aliosha tangi la dizeli lililojaa kutu, akaosha noseli na vipande vya pampu kwenye beseni, akavipanga juu ya gunia kwa mpangilio aliokuwa anaujua mwenyewe. Baba alisaidia pale alipoambiwa shika hapa, vuta hapa. Mama alileta chai. Aliliweka birika juu ya jiwe nje ya mlango, na vikombe juu ya mfuniko wake, akaondoka macho yakiwa chini.

"Ahsante shemeji!" Fundi alimwitia. "Karibu ndani umwone mgonjwa wetu!"

Fundi akacheka, akamwambia Baba, "Mkeo ana haya huyo." Baba akaendelea kusugua kutu.

Alasiri moja Fundi alikuwa anagonga kwa kipande cha mbao, taratibu, kisha akasukuma gurudumu, likalia kama mlango mzee, likasogea. Alipiga makofi. Nami nikapiga makofi. Baba alikuwa ameenda kisimani na madumu kwenye baiskeli, kuleta maji ya pipa la kupozea injini. Fundi, kwa furaha yake, akaona apumzike na injini kidogo, akahamia kwenye kinu. Alifungua puli, gurudumu la kinu linalovutwa na mkanda, ili aangalie beringi. Nyuma ya puli, kwenye shafti ya chuma inayozungusha kinu, palikuwa na kitambaa kilichojiviringisha kikakazana, kigumu kwa grisi. Alikikata kwa kisu, akakivuta, akakitoa kipande. Kisha akakitumia kufuta mikono.

Hapo ndipo Mama alipofika na chai.

Hakuiweka juu ya jiwe. Alisimama mlangoni akiangalia mikono ya Fundi. Kile kitambaa kilikuwa kimefunguka kidogo, na pale ambapo grisi haikuingia rangi ilikuwa bado ipo: njano, yenye maua madogo mekundu. Mama akavuka kizingiti. Sikuwahi kumwona akikivuka.

"Nipe."

"Nini, shemeji?"

"Hicho. Nipe."

"Hiki? Ni kitambaa tu cha kufutia..."

Akamnyang'anya. Hakumnyang'anya kwa nguvu. Alikitoa kidole kwa kidole, kama unavyomtolea mtoto mchanga kitu alichoshika. Akaondoka nacho, na birika mkononi vilevile, Fundi akabaki bila chai, ananitazama mimi kama ninayeweza kumweleza.

Nilimfuata Mama. Alichemsha maji, akakiloweka kile kitambaa, akakisugua kwa sabuni ya mche na majivu, akayamwaga maji meusi, akaanza tena. Alikuwa anakisemesha kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini. Maneno mengi sikuyashika, lakini mengine niliyajua. Ni yale aliyoniambia mimi aliponiogesha na sabuni ikaniingia machoni nikalia. Nikaona ajabu, mtu mzima kukibembeleza kitambaa. Alipomaliza alikianika peke yake kwenye kamba. Kilikuwa kidogo, hakizidi viganja vyangu viwili.

Baba alirudi akisukuma baiskeli. Alipofika usawa wa kamba alisimama. Alisimama kwa muda mrefu hivi kwamba dumu moja, ambalo halikufungwa vizuri, lilimwaga maji yote mchangani na yeye hakuona. Kisha akaenda bandani. Nilimsikia akiuliza, "Umekitoa wapi?" Na Fundi akajibu, "Kwenye shafti, nyuma ya puli. Mzee, kuna nini?" Baba akageuka, akaniona. "Nenda kwa Bibi," aliniambia.

Nikaenda, lakini niligeuka njiani. Walikuwa wamekaa kizingitini wote wawili. Baba alikuwa anaongea, na Fundi Idrisa alikuwa amevua kofia yake ameiweka magotini. Kuanzia siku hiyo hakutania tena.

Siku ya kuiwasha watu walijaa uani. Habari zilikuwa zimeshafika hata vijiji vya mbali, na wanawake walikuja na mahindi yao kwenye ndoo, kwenye viroba, kwenye kanga zilizofungwa mafundo. Fundi aliweka oili mpya, akaukaza mkanda mpya aliokuwa ameufunga jana yake, akatoa hewa kwenye bomba la dizeli mpaka mafuta yakaja bila mapovu. Akachomeka hendeli. Baba akashika kile kidude cha juu kinachoipunguzia injini mgandamizo. Fundi akazungusha, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, mishipa ya shingo imemtoka. "Achia!" akapiga kelele. Baba akaachia. Injini ikakohoa mara moja, ikatema moshi mweupe na mabaki ya kiota cha panya, ikanyamaza. Wakarudia. Ikakohoa, ikanyamaza. Mara nyingine tena, na safari hii kikohozi kikafuatwa na kingine, na kingine, mpaka vikashikana vikawa mlio mmoja, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zangu.

Wanawake walipiga vigelegele. Vijana kwa wazee, walivipiga. Halafu wale wa umri wa Mama wakakatiza katikati, wakaziba midomo, wakatazamana.

Fundi aliiacha inguruma kidogo, kisha akaizima ili akaze bolti fulani. Mlio ukakatika, lakini gurudumu halikusimama. Liliendelea kuzunguka, zito, bila sauti, likizungusha mkanda, likizungusha kinu. Baba alikuwa akiliangalia hilo gurudumu tu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mpaka liliposimama kabisa ndipo alipofuta uso. Nilijua anamshukuru Mungu.

Nilipogeuka nilimwona Mama anatoka nyumbani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na kichwani amejitwika mzigo uliofungwa kwenye shuka. Kamba ya kuanikia ilikuwa tupu. Aliniita, akainama bila kuushika mzigo, akanifunga kifungo cha shingoni.

"Msikilize Bibi," alisema.

"Unaenda wapi?"

"Ulemo."

Moyo wangu ulifurahi. Nilikuwa nimesikia kwamba upande wa Iramba mvua haikuwa mbaya sana, na nilijua Babu wa huko ana maghala. Mashine yetu inafanya kazi, na Mama anaenda kwao kuleta nafaka ili na sisi tusage. Nilimkimbilia mpaka mwisho wa ua. "Mama!" nilimwitia. "Lete na ulezi!"

Hakugeuka. Alipita njia fupi, ile ya kando ya banda.

Nilimsubiri. Mashine ilisaga kuanzia asubuhi mpaka jioni, na foleni ya viroba ilipanda mpaka barabarani. Kila siku baada ya shule niliweka jiwe kwenye foleni, mahali pazuri karibu na mlango, kushikilia nafasi yetu. Siku moja mwanamke mmoja alilisogeza kwa mguu, aweke ndoo yake. Nikamwambia asisogeze, hapo ni pa Mama, ameenda Ulemo kuchukua ulezi. Akaniangalia. Akarudisha jiwe pale pale, akajifunika uso kwa kanga.

Nilimwendea Baba. Alikuwa mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Ilibidi nipige kelele ili anisikie.

"Mama analeta lini nafaka?"

Akaizima injini. Ilikuwa mchana, watu wamejaa, na wengine wakaguna. Baba alisubiri gurudumu lisimame. Kisha akanishika mkono tukaenda nyuma ya banda, akachuchumaa mbele yangu.

"Ulikuwa na dada," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri kwa sababu ya mlio uliokuwa bado masikioni. "Nani?"

"Dada yako. Neema."

"Neema si ni Mama?"

Alifunga macho. "Neema ni mtoto wetu wa kwanza. Ndiye aliyekupa jina wewe. Alikuwa anafagia unga chini ya mkanda, na wewe ulikuwa mgongoni kwa Mama, hapo hapo mlangoni. Kanga ya dada yako ikashikwa." Unga ulikuwa umeshikamana usoni mwake kwa mistari. "Nilizima. Nilizima pale pale. Lakini umeiona mwenyewe. Haisimami."

Nilimuuliza, "Na ulezi?"

"Hakuna ulezi, mama. Mama yako ameenda kwao."

Akaketi hapo chini kwa muda. Kisha mtu akaita kutoka mbele, kwa adabu, "Baba Neema, samahani, watoto nyumbani hawajala." Akainuka, akaenda kuiwasha.

Mavuno ya mwaka uliofuata yalipoingia, Baba alifunga safari ya Ulemo. Alirudi peke yake. Nilimuuliza Mama amesemaje. Akasema, ameuliza kama bado inasaga. Nikamuuliza yeye akajibu nini. Akasema, "Nilimwambia inasaga."

Nilikwenda kwa Mama kila likizo. Alikuwa analima vitunguu, amekonda, mikono yake imekakamaa. Alinipenda, alinisuka, alinipikia, lakini hakuuliza habari ya nyumbani hata mara moja, kana kwamba nilikuwa nadondoka kutoka mawinguni. Nilipokuwa msichana mkubwa nilimuuliza kwa nini hakunichukua siku ile. Alikuwa anapalilia. Hakuacha kupalilia. "Baba yako angebaki na nani?" alisema. Nilikuwa na hasira naye kwa miaka, na kwa Baba pia, na sikuweza kumchagua mmoja wa kumkasirikia mpaka mwisho. Kijiji kizima kililishwa na mashine ile, na ada yangu ilitoka mle mle. Baba hakuoa tena. Alisaga mpaka umeme ulipofika na mashine za umeme zikaja, ndipo watu wakamwacha, naye akafunga mlango.

Alifariki kabla ya masika yaliyopita. Mama alikuja msibani. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na alikaa mkekani pamoja na wanawake wengine kama jirani yeyote, hakulia kwa sauti. Asubuhi baada ya maziko aliniambia, "Nifungulie banda."

Jambo moja sijalitaja, maana utotoni lilikuwa kwangu sehemu ya banda tu, kama ukuta. Mkanda na puli vilikuwa ndani ya uzio wa mbao, mrefu mpaka shingoni mwangu mimi mtu mzima, mbao zimepigwa kwa kubanana, na mlango mdogo wenye komeo lililowekwa juu kabisa, mahali ambapo mkono wa mtoto hauwezi kufika. Mama alisimama mbele yake.

"Huu alijenga nani?"

"Baba."

"Lini?"

"Kabla ya kuiwasha. Wakati Fundi anasubiri pistoni iachie, Baba alikuwa anakata mbao kule nyuma. Uzio akaupigilia baada ya mkanda mpya kufungwa."

"Nilisikia msumeno," alisema. "Nilidhani anamtengenezea fundi kitanda."

Alisogea kwenye uzio, akajaribu kupitisha mkono wake kati ya mbao mbili. Haukupita. Akajaribu mbao mbili zilizofuata, na zilizofuata, akainama kujaribu kule chini, akauzunguka uzio wote hivyo hivyo, taratibu, mpaka akarudi pale alipoanzia. Mkono haukupita mahali popote.